Miaka 60 baada ya Nkoloso: vazi la mwezini linashonwa kwa vipimo vya nani?

Tarehe 16 Oktoba 2024, katika mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa anga za juu mjini Milan, Italia, kampuni ya Marekani ya Axiom Space na kampuni ya mitindo ya Prada zilionyesha hadharani vazi ambalo wanaanga wa shirika la NASA wanatarajiwa kulivaa watakapokanyaga tena ardhi ya mwezi. Siku nane baadaye Zambia ilitimiza miaka 60 ya uhuru. Matukio hayo hayakupangwa pamoja, lakini kwa wanaomkumbuka marehemu mwalimu Edward Makuka Nkoloso ni vigumu kulitaja moja bila kulikumbuka la pili.

Katika siku hizo, msikilizaji wetu mmoja wa Puta, kando ya Ziwa Mweru, alitutumia picha iliyokuwa ikizunguka kwenye simu za jamaa zake wa pande zote mbili za ziwa. Inamwonyesha Mwafrika aliyevaa vazi la anga lililoshonwa kwa kitambaa cha rangi kali mfano wa kitenge, na kichwani ana helmeti ya duara inayong'aa. Maelezo yaliyoandamana nayo yalidai kwamba huyo ni mmoja wa wanaanga wa Zambia wa mwaka 1964. Msikilizaji alitaka kujua mambo mawili. Je, picha ni ya kweli? Na kama Zambia ilikuwa na mavazi tayari mwaka huo, ilikuwaje Wamarekani wakatangulia?

Swali la kwanza halina ugumu. Picha za aina hiyo ni kazi ya sanaa ya mpiga picha wa Uhispania, Cristina de Middel, aliyezitoa katika kitabu chake cha mwaka 2012 kiitwacho The Afronauts. Wanaoonekana humo si wanafunzi wa Nkoloso, na vitambaa vile havikushonwa mwaka 1964. De Middel hakuficha kwamba alikuwa akibuni juu ya kisa cha kweli. Maelezo hayo yalipotelea njiani, picha ilipokuwa ikitoka simu moja kwenda nyingine.

Swali la pili linahitaji nafasi zaidi. Huko Puta mwezi si jambo la mbali: wavuvi wa chisense wanaovua usiku kwa taa hupumzika mbalamwezi ikiwa kali, kwa kuwa taa zao hazina nguvu mbele yake. Mtu ambaye kipato chake hupanda na kushuka kwa kufuata mwezi ana haki ya kujibiwa kwa kina kuhusu nani hufika huko, na amevaa nini.

Mwalimu, pipa na ovaroli

Nkoloso alizaliwa mwaka 1919 kaskazini mwa nchi iliyoitwa wakati huo Rhodesia ya Kaskazini. Alitumikia jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, akarudi nyumbani, akafundisha, kisha akaingia katika harakati za kupinga ukoloni na kuonja kifungo. Uhuru ulipokaribia alitangaza kwamba chuo chake, alichokiita Akademia ya Taifa ya Sayansi, Utafiti wa Anga na Falsafa, kingewatangulia Wamarekani na Warusi. Aliomba UNESCO impe pauni milioni 7. Hakupewa.

Mafunzo yalifanyika katika shamba moja nje ya Lusaka. Vijana waliingizwa ndani ya pipa la mafuta na kubingirishwa mteremkoni ili wazoee hali ya kukosa uzito. Walibembezwa pia kwenye kamba ndefu, kisha kamba ikakatwa wakiwa juu, ili waonje kuanguka bila kushikwa na kitu. Filamu za habari za wakati huo zinawaonyesha wakiwa wamevaa ovaroli na helmeti za kijeshi. Mmoja wao alikuwa Matha Mwamba, msichana ambaye hakuwa ametimiza miaka 20, na ndiye Nkoloso aliyemtangaza kuwa mwanaanga wake wa mbele. Baadaye Matha alipata ujauzito na wazazi wake wakamchukua. Fedha hazikuja, na mpango mzima ukafifia.

Wanahabari wa Ulaya na Marekani waliufanya mpango huo kichekesho. Mwandishi Mzambia Namwali Serpell, katika makala yake ya mwaka 2017 kwenye jarida la The New Yorker, alikirudia kisa hicho kwa jicho jingine na kuonyesha kwamba si rahisi kujua Nkoloso alikuwa akisema kweli wapi na akiwatania wageni wapi. Mimi naona ubishi huo, ingawa una utamu wake, umetufanya tusiangalie jambo lililo wazi kabisa katika filamu zile. Vijana walikuwapo, na ujasiri pia, maana hakuna mwoga anayekubali kukatiwa kamba akiwa hewani. Roketi, tukubali, haikuwapo. Lakini hata kama roketi ingeshuka kutoka mbinguni asubuhi moja na kuwachukua, ovaroli zile zingewaua wote kabla hawajapiga hatua ya kwanza. Ovaroli hukinga nguo dhidi ya grisi. Vazi la mwezini kazi yake ni tofauti kabisa.

Chombo kinachovaliwa

Katika chumba chetu cha habari tumekuwa na ubishi wa muda mrefu juu ya neno. Wapo wanaoandika suti ya anga, na wapo wanaoandika vazi la anga. Suti hunipeleka kwa bwana harusi, na vazi hunipeleka kwenye kujisitiri. Nilipokuwa nikitafsiri habari ya Milan nilitamani neno la tatu, nalo tunalo tayari: chombo. Watu wa pwani huita jahazi chombo, na sisi sote huita roketi na setilaiti vyombo vya anga. Kile anachokivaa mtu mwezini kina hewa yake, maji yake, umeme wake, redio yake na hata mahali pa kujisaidia. Ni chombo cha safari chenye abiria mmoja, isipokuwa abiria huyo hakiingii na kuketi. Hukivaa, akatembea nacho. Nimeendelea kuandika vazi kwa sababu msomaji amelizoea, lakini naomba alisome akiwa na chombo akilini.

Kwa nini hayo yote yanahitajika? Anayepiga mbizi Mweru ili kunasua wavu uliokwama hulisikia ziwa likimbana masikioni, na kadiri anavyoshuka ndivyo linavyombana zaidi. Hewa nayo hutubana namna hiyo hiyo, ila sisi tumezaliwa chini yake na hatuisikii. Mwezini hakuna hewa, kwa hiyo hakuna kinachobana. Shinikizo likiondoka, maji huchemka bila moto, hata yakiwa na joto la mwili wa binadamu tu.

Hili si la kubuni. Tarehe 14 Desemba 1966, fundi wa majaribio Jim LeBlanc aliingia katika chumba kilichoondolewa hewa huko Houston akiwa amevaa vazi la majaribio. Bomba la kuleta shinikizo likachomoka. Alizimia baada ya sekunde zipatazo 14, na jambo la mwisho alilolikumbuka ni mate yakitokota juu ya ulimi wake. Wenzake waliwahi kurudisha hewa, naye akapona.

Kwa hiyo dawa ni kuizingira miili ya wanaanga kwa hewa. Hapo ndipo tatizo la pili linapozaliwa. Kitambaa kilichojazwa hewa hukakamaa kama tairi la baiskeli lililopigwa pampu, na kukunja kiwiko huwa sawa na kulikunja tairi hilo. Mrusi Alexei Leonov, binadamu wa kwanza kutoka nje ya chombo na kuelea angani, alilipata jibu hilo mwilini mwake tarehe 18 Machi 1965. Vazi lake lilivimba hata vidole vikatoka katika nafasi zake ndani ya glovu, na akashindwa kurudi mlangoni. Ilimbidi apunguze hewa kidogo kidogo, jambo la hatari kubwa, mpaka akapata kuingia.

Wabunifu wa safari za Apollo walichukua njia mbili kwa pamoja. Kwanza walipunguza shinikizo ndani ya vazi hadi kama robo ya lile tulilonalo usawa wa bahari, na ili mapafu yasipungukiwe wakaijaza oksijeni tupu. Pili, kwenye viungo waliweka mpira wenye mikunjo, uliozuiwa kwa nyaya usirefuke, ili goti na kiwiko vikunjike bila kushindana na hewa. Oksijeni tupu nayo ina gharama yake. Tarehe 27 Januari 1967 moto uliwaka ndani ya chombo kilichojaa oksijeni wakati wa mazoezi huko Florida na kuwaua wanaanga watatu, Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee. Baada ya msiba huo, tabaka la nje la vazi lilifumwa kwa nyuzi za kioo zilizopakwa teflon, kitambaa kisichoshika moto.

Kisha kuna joto. Wengi hudhani adui wa mwanaanga ni baridi ya nje, na kweli baridi ipo. Lakini utupu unaomzunguka hufanya kazi ile ile ya chupa ya chai: joto la ndani halina pa kwenda. Mtu anayefanya kazi ngumu ndani ya vazi lililofungwa anaweza kuzidiwa na joto la mwili wake mwenyewe. Ndiyo maana chini ya yote huvaliwa fulana na suruali za ndani zilizotandazwa mirija myembamba, na maji hupita humo yakilichukua joto na kulitoa nje. Juu ya uso huteremshwa kioo chenye utando mwembamba wa dhahabu ili jua lisiyachome macho.

Wakazi wa Nchelenge, wilaya inayosumbuliwa sana na malaria, wanajua maana ya kitambaa kinachosimama kati ya mtu na kifo. Hata hivyo chandarua chenye tundu bado husaidia kwa sababu ya dawa iliyomo. Vazi la mwezini likitoboka, mwanaanga hubaki na akiba ya dharura ya oksijeni, na akiba hiyo huhesabiwa kwa dakika.

Wanawake wa Dover

Nani alishona chombo hicho? Si kiwanda cha ndege, wala si cha silaha. Mwaka 1965 kampuni ya ILC ya Dover, katika jimbo la Delaware, ilizishinda kampuni kubwa zaidi katika majaribio ya vazi la Apollo. Wateja wa kawaida waliifahamu kampuni hiyo kwa jina la biashara la Playtex, na bidhaa zilizoipa umaarufu zilikuwa sidiria na nguo za ndani za kubana mwili. Ilikuwa na ujuzi ambao wahandisi wa roketi hawakuwa nao: jinsi mpira na kitambaa vinavyoweza kuukumbatia mwili bila kuuzuia usijongee.

Washonaji walikuwa wanawake, wengi wao wakiwa wamezoea kazi ya kawaida ya kiwandani. Waliombwa washone tabaka zipatazo 21, nyingine zikiwa karatasi laini za plastiki iliyopakwa metali ambazo huteleza chini ya sindano, na mshono usipotoke kwa hata milimita moja. Cherehani nyingine ziliendeshwa tone kwa tone, tundu moja kisha jingine. Pini, rafiki wa kila fundi, zikawa hatari, maana pini moja iliyosahaulika ndani ingeweza kutoboa tabaka la mpira lililoshikilia hewa. Mavazi yalipigwa eksirei ili kuhakikisha hakuna iliyobaki.

Kila mwanaanga alishonewa mavazi matatu kwa vipimo vyake mwenyewe: moja la mazoezi, moja la safari na moja la akiba. Pamoja na mkoba wa mgongoni wenye oksijeni na maji, mzigo wote ulikuwa na uzito wa kilo zipatazo 80 duniani, na mwezini, ambako uvutano ni sehemu moja ya sita ya wetu, ulihisiwa kama kilo 13 hivi. Wanaume 12 walitembea mwezini kati ya mwaka 1969 na 1972. Hakuna hata mmoja ambaye mshono wake uliachia.

Ndiyo maana sikucheka, kama walivyocheka baadhi ya wachambuzi, nilipoona jina la Prada kando ya jina la NASA. Prada imechangia katika vitambaa na ushonaji wa tabaka la nje, na kushona ndiyo kazi yake. Aliyewahi kusoma habari za Dover hashangai.

Vumbi lisilosafishwa na maji

Adui ambaye Apollo hawakumtarajia kwa ukubwa wake alikuwa vumbi. Mchanga wa ufuko wa Mweru umesuguliwa na maji kwa miaka isiyohesabika hata ukawa laini mguuni. Mwezini hakuna maji wala upepo, hivyo kila punje imebaki na makali yake kama kigae kilichovunjika jana. Desemba 1972 Gene Cernan na Harrison Schmitt walifanya kazi nje kwa jumla ya saa 22 hivi katika matembezi matatu. Vumbi liliingia kwenye viungo vya mavazi, likazikwaruza vioo za helmeti na kuzila glovu na viatu. Liliwafuata hadi ndani ya chombo, likinuka kama baruti, na Schmitt akapatwa na mafua kama ya mtu aliyevuta poleni.

Safari mpya inaelekea mahali pagumu zaidi, ncha ya kusini ya mwezi, ambako kuna mashimo ambayo jua halijawahi kuyaangaza na ambamo wanasayansi wanatarajia kuchunguza barafu. Humo baridi hushuka chini ya nyuzi 200 za sentigredi chini ya sifuri. Axiom inasema vazi lake litaweza kustahimili maeneo hayo ya kivuli kwa angalau saa mbili, na kumwezesha mwanaanga kufanya kazi nje kwa angalau saa nane kwa jumla. Mfumo wake wa kusafisha hewa chafu unaweza kutumika tena na tena, tofauti na makopo ya Apollo yaliyokuwa yakiisha nguvu na kutupwa. Nyonga na magoti yameboreshwa ili mtu apige magoti na kuokota jiwe, kazi ambayo wanaume wa Apollo waliifanya kwa kuyumba na mara nyingine kwa kuanguka.

Tahadhari moja kwa wasomaji: vazi hili jeupe lisichanganywe na lile la rangi ya chungwa. La chungwa huvaliwa ndani ya chombo wakati wa kuondoka na kurejea, na limetengenezwa ili liweze kumhifadhi mtu hai hadi siku sita chombo kikipoteza hewa. Halikukusudiwa kutembelea mwezini.

Saizi ndogo iliyofutwa

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha yote, nalo hutajwa kwa haraka mno katika taarifa za kampuni.

Baada ya Apollo, NASA iliacha kumshonea kila mtu. Kwa safari za vyombo vya mizunguko ya karibu na dunia ilitengeneza mavazi ya sehemu zinazounganishwa: kifua kigumu cha saizi hii, mikono ya saizi ile. Hesabu ilionekana nzuri. Lakini bajeti ilipobana katika miaka ya 1990, saizi ndogo ziliondolewa na kubaki ya kati, kubwa na kubwa zaidi. Hakuna tangazo lililosema wanawake wamezuiwa kutoka nje ya chombo. Karani alifuta mstari katika orodha ya vifaa, na wenye mabega membamba, ambao wengi wao walikuwa wanawake, wakajikuta hawana cha kuvaa au wakilazimika kufanya kazi ndani ya kifua kinachowapwaya.

Matokeo yake dunia iliyaona Machi 2019. Ilipangwa kwamba Anne McClain na Christina Koch watoke pamoja katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, matembezi ya kwanza ya wanawake watupu. McClain alitambua kwamba kifua cha saizi ya kati ndicho kilichomfaa, na kilichokuwa tayari kilikuwa kimoja tu. Mwanamume akachukua nafasi yake. Wanawake wawili, Koch na Jessica Meir, walitoka pamoja tarehe 18 Oktoba mwaka huo. Kituoni watu walisema, na kwa haki, kwamba uamuzi ule wa Machi ulikuwa wa usalama. Ndivyo ulivyokuwa. Lakini hatari yenyewe ilizaliwa miaka 20 na zaidi nyuma, siku saizi ndogo ilipofutwa.

Vazi lisilomfaa mtu si la kumwaibisha tu. Humchosha, humchubua, humzuia kufika kwenye kitu alichotumwa kukishika. Na mavazi hayo ya zamani, ambayo msingi wake ni wa miaka ya 1970, yana hatari hata kwa wale yanaowafaa. Julai 2013 Mwitaliano Luca Parmitano alirudi ndani akipapasa njia, maji yaliyovuja yakiwa yamefunika pua na macho yake ndani ya helmeti. Juni 2024 matembezi mengine yalisitishwa kwa sababu ya kuvuja kwa maji.

NASA ilipotangaza vazi jipya mwaka 2023 ilisema litawafaa angalau asilimia 90 ya wanaume na wanawake wa Marekani. Axiom inadai zaidi, kwamba litaanzia mtu mdogo kabisa hadi karibu mkubwa kabisa, wa jinsia zote mbili. Ni hatua kubwa, na Christina Koch, ambaye Aprili 2023 aliteuliwa katika kundi la watu wanne wa kuuzunguka mwezi, ni ushahidi kwamba mambo yamebadilika. Lakini irudiwe ile sentensi ya NASA kwa sauti: wanaume na wanawake wa Marekani. Fundi yeyote wa Kashikishi atakuuliza kabla hajakata kitambaa: nampima nani? Hapa jibu limeandikwa. Miili iliyopimwa ni ya raia wa nchi inayolipa. Huenda miguu na mabega ya Mzambia yakaingia humo bila shida, kwa kuwa Wamarekani ni mchanganyiko wa watu. Hata hivyo kuingia kwa bahati katika kipimo cha mwingine si sawa na kupimwa.

Bei, na mwenye mali

Mwaka 2021 mkaguzi mkuu wa NASA aliripoti kwamba tangu 2007 shirika hilo lilikuwa limetumia dola milioni 420 katika kutafuta mavazi mapya, na kwamba gharama ingevuka dola bilioni moja kabla vazi la kwanza halijawa tayari. Ilikuwa miaka 14 ya michoro bila vazi la safari. NASA ikabadili mkondo. Septemba 2022 iliipa Axiom kazi ya vazi la mwezini kwa dola milioni 228.5, kwa masharti kwamba vazi ni mali ya kampuni na NASA hulipia huduma, kama mtu anayekodi injini ya mtumbwi badala ya kuinunua. Kampuni ya pili, Collins Aerospace, iliyochaguliwa pamoja nayo, ilijiondoa mwaka 2024. Kwa hiyo safari nzima inamtegemea fundi mmoja, jambo ambalo mteja yeyote mwenye busara angelionea wasiwasi.

Mpango huo wa kukodi una maana kwa nchi zetu. Vazi la Apollo lilikuwa mali ya serikali ya Marekani, na hakuna aliyeweza kwenda Dover na fedha zake akaomba ashonewe. Axiom inaruhusiwa kutafuta wateja wengine. Rwanda na Nigeria zilitia saini makubaliano ya Artemis mwezi Desemba 2022, na Angola, jirani wa Zambia, ikafuata mwaka 2023. Saini hizo hazimpeleki mtu mwezini. Zinaipa nchi nafasi katika chumba ambamo mambo hujadiliwa, na miongoni mwa mambo yanayopaswa kuulizwa humo ni hili la vipimo, sasa, wakati vazi bado lipo mezani, kabla bajeti haijabana tena na mtu mwingine hajachukua kalamu kufuta saizi.

Nkoloso aliomba pauni milioni 7 na akachekwa kwa wingi wa fedha alizoomba. Hesabu ya mkaguzi wa NASA inaonyesha kwamba hata kwa thamani ya fedha za wakati ule, kosa lake lilikuwa kuomba kidogo mno.

Tulimwandikia msikilizaji wetu wa Puta majibu hayo kwa ufupi. Alirudi na swali jingine, safari hii kwa niaba ya dada yake mwenye cherehani sokoni Kashikishi: je, fundi wa kawaida angeweza kushona kitu kama hicho? Wale wa Dover walikuwa mafundi wa kawaida. Walichoongezewa ni mafunzo, kitambaa sahihi, mkaguzi aliyesimama nyuma ya kila mshono, na mtu wa kumpima.